Miwani ya Mtoto Wetu: "Hatuna" au "Haifai"?



Ugomvi mwingi wa nyumbani hauanzi kwa jambo kubwa. Huanza kwa shilingi chache, au kwa neno lililosemwa usiku watu wakiwa wamechoka. Safari hii tutazame jambo ambalo kwa wengi ni dogo sana, yaani miwani ya mtoto mdogo aliyezaliwa na hali iitwayo sindromu ya Down. Ndani ya jambo hili dogo mna swali kubwa: je, mtoto ana thamani gani nyumbani kwao, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kuipima?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mume na mke wanaishi Kyuso, kaskazini ya Mwingi, katika kaunti ya Kitui. Wana watoto wanne. Kitinda mimba ana miaka minne, naye ana hali hiyo. Msimu huu ndengu zimekubali kidogo, wameuza magunia mawili. Mama ameambiwa kliniki kwamba mtoto haoni vizuri, anahitaji miwani. Mwaka jana alinunuliwa, lakini iliteleza puani kila mara, mtoto akaivua, akaitupa, ikavunjika. Sasa mama anaomba nyingine. Baba anajibu: "Mama watoto, karo ya kijana wa sekondari haijaisha, tangi la maji limepasuka, na wewe wataka miwani ya kutupwa? Huyu hata tukimvisha, atafika wapi?" Mama hasemi neno. Moyoni ameamua kuuza mbuzi wake mmoja kimya kimya.

Je, nani ana haki?

Maneno mawili yanayofanana

Tusiwe wepesi wa kumhukumu baba huyu. Kyuso ni nchi kavu. Mvua ikikataa, mbuzi ndio benki, na benki hiyo huweza kufilisika kwa kiangazi kimoja. Karo ni deni la kweli, na maji ni uhai.

Lakini tusikilize vizuri alivyosema. Amesema mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni "Hatuna." La pili ni "Haifai," yaani kumnunulia mtoto wa namna hii ni kupoteza. Maneno haya mawili hukaa jirani katika vinywa vyetu, lakini hayana undugu.

"Hatuna" ni neno la kweli na halina aibu. Mzazi asiye na kitu hana hatia kwa kukosa kitu. Tena "hatuna" huacha mlango wazi: hatuna leo, tutafute, hatuna sisi, tuulize wengine. "Haifai" hufunga mlango. Hata fedha zikija kesho, yule aliyekwisha kusema haifai hatanunua. Na hatari yetu sisi wazazi ni kwamba mara nyingi tunasema "hatuna" kwa mdomo huku moyo umesema "haifai". Hapo ndipo dhamiri inapopaswa kuamshwa. Njia ya kujipima ni rahisi. Jiulize: kama ni yule kijana wa sekondari angeambiwa na daktari kwamba haoni ubao, ningejibu vivyo hivyo?

Si kosa la baba, si kosa la mama

Kabla ya kuendelea, tuondoe sumu moja inayoharibu ndoa nyingi. Mtoto wa namna hii akizaliwa, watu huanza kuulizana, "Ametoka upande gani?" Wakwe hunong'ona juu ya laana au uchawi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Ukweli ni huu. Mwaka 1866 daktari Mwingereza John Langdon Down aliandika juu ya hali hii, ndiyo maana ina jina lake. Mwaka 1959 huko Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza chanzo chake: katika chembe za mwili wa mtoto mna kromosomu 47 badala ya 46, kwa kuwa ile ya namba 21 imeongezeka moja. Karibu kila mara jambo hili hutokea bila kurithiwa, wakati chembe za uzazi zinapojigawa. Nafasi ya kutokea huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, lakini akina mama vijana nao hupata watoto hawa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Kwa hiyo mume asimwambie mke "damu ya kwenu," wala mke asimwambie mume hivyo. Hali hii haiambukizi, na si adhabu.

Macho yanayosahauliwa

Mtoto huyu akichelewa kutembea, twasema ni hali yake. Akichelewa kusema, ni hali yake. Asipotazama picha unayomwonyesha, ni hali yake. Neno hili "ni hali yake" huwa kama blanketi: tunafunika kila kitu, na chini ya blanketi mna mambo ambayo yangeweza kutibiwa.

Zaidi ya nusu ya watoto wenye sindromu ya Down wana shida ya macho. Wengine huona karibu tu, na wengine hupata shida zaidi kuona vya karibu kuliko vya mbali. Wengine wana makengeza, au mboni zinazochezacheza. Wachache huzaliwa na mtoto wa jicho, na huyo ahitaji daktari upesi sana. Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Katika Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, mtaalamu Margaret Woodhouse na wenzake walifuata macho ya watoto hawa kwa miaka mingi. Waliona kwamba wengi wao, kama robo tatu, hawawezi kukaza macho vizuri kutazama kitu cha karibu. Mtoto mwingine akishika kitabu, jicho lake hujirekebisha lenyewe. Huyu jicho lake halifiki, na kitabu hubaki ukungu. Waliwapa lenzi zenye sehemu mbili, ya juu kwa mbali na ya chini kwa karibu, na watoto walifanya vizuri zaidi. Baadhi yao hata walijifunza kukaza macho, wakarudi kwenye lenzi za kawaida.

Fikiri basi jambo hili. Mtoto haoni picha, kwa hiyo haitazami. Haitazami, kwa hiyo twasema haelewi. Twasema haelewi, kwa hiyo hatumwonyeshi tena. Mwisho wake mtoto huyu anakuwa mjinga kwa sababu sisi tumekwisha kuamua kwamba ni mjinga. Je, kosa hilo ni la macho yake au la macho yetu?

Tena wakati hausubiri. Kuona hakufanywi na jicho peke yake. Ubongo hujifunza kuona, na hujifunza hasa katika miaka ya kwanza, mpaka saba au nane hivi. Jicho lililoachwa bila kusaidiwa miaka hiyo laweza kubaki dhaifu, hata akivishwa miwani nzuri ukubwani. Wahenga walisema, udongo upate ungali maji. Kwa hiyo anayesema "tutaona baadaye" ajue kwamba naye amekwisha kuamua.

"Mtoto amekataa kuvaa"

Hapa twafika penye kiini. Wazazi wengi husema: "Tulimnunulia, akakataa." Je, ni mtoto aliyeikataa miwani, au ni miwani iliyomkataa mtoto?

Mtazame mtoto wako usoni kwa makini. Mwamba wa pua yake ni mfupi, tena bapa. Uso wake ni mpana penye panja, lakini kutoka panja hadi sikio ni karibu. Masikio yake ni madogo, na yamekaa chini kidogo. Sasa itazame miwani ya watoto iliyoko dukani. Imetengenezwa kwa pua iliyoinuka na masikio yaliyokaa juu. Ukimvisha mtoto wako, haina pa kushika. Ile inayomtosha kwa upana ina mikono mirefu mno, na kikunjo chake kimepita nyuma ya sikio. Ile yenye mikono mifupi humbana panja. Basi miwani huteremka mpaka ncha ya pua, naye hutazama juu ya lenzi. Yaani amevaa miwani lakini haitumii! Inamwasha na kumziba, wala haimsaidii kuona. Mtu mwenye akili angefanya nini? Angeivua. Mtoto huyu ameonyesha akili, nasi tukamwita mkaidi.

Huko Ohio, Marekani, mwanamke mmoja fundi wa miwani, Maria Dellapina, alipata binti mwenye sindromu ya Down aitwaye Erin. Alitafuta miwani ya kumkaa, asiione, ingawa kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Hakusema binti yake ana uso mbaya. Alisema fremu ndiyo mbaya. Akabuni fremu ambazo sehemu ya puani imeshushwa na mikono imeunganishwa chini zaidi, na kampuni yake ya Specs4Us huziuza. Kuziagiza kutoka huko si rahisi kwa mkulima wa Kyuso, lakini funzo lake halina gharama: kipimo kifuate mtoto, mtoto asilazimishwe kufuata kipimo.

Na funzo hili laweza kutumika hapa hapa kwetu. Fundi mzuri wa miwani aweza kupasha moto mikono ya plastiki na kuikunja upya pale sikio linapoanzia. Aweza kuongeza vipande laini vya mpira mahali pa pua, au kuchagua mikono inayozunguka sikio kama ndoana, au kufunga ukanda laini kisogoni. Lenzi ziwe za plastiki, si za kioo. Nanyi wazazi msiondoke dukani kabla ya kukagua haya: je, mboni zimekaa katikati ya lenzi? Akicheka, mashavu hayainui fremu? Akiinama kuokota kitu, haianguki? Baada ya robo saa hivi, hakuna alama nyekundu puani wala panja? Msione haya kumrudisha fundi kazini mara mbili au tatu. Mnadai haki ya mtoto wenu, hamwombi hisani.

Ile miwani inayouzwa sokoni, ya kujaribisha mwenyewe na kuchagua, msimnunulie mtoto. Hiyo ni ya wazee wanaotaka kusoma. Mtoto lazima apimwe. Na wala msiseme hawezi kupimwa kwa kuwa hajui herufi. Mpimaji humtia matone ya kulegeza macho, kisha hummulika kwa taa ndogo na kusoma mwangaza unaorudi. Mtoto hahitaji kusema hata neno moja.

Je, ni haki kwa watoto wengine?

Labda utasema: "Nina watoto wanne. Nikitumia nyingi kwa mmoja, nimewaonea watatu." Swali hili ni zuri na lina uzito.

Haki nyumbani si kumpa kila mtoto kitu kile kile. Ukinunua viatu vinne vya namba moja, hujawatendea haki watoto wanne. Umemtendea haki mmoja tu, na watatu umewaumiza vidole. Haki ni kumpa kila mmoja kile kinachomkaa. Kijana wa sekondari ahitaji karo, na mdogo ahitaji macho. Vyote viwili ni chakula cha maisha yao.

Lakini pia kuna kipimo upande wa pili. Si haki kumwondoa mmoja shuleni ili mwingine apate fremu ya fahari. Si haki kumfanya binti mkubwa kuwa mlinzi wa miwani ya mdogo wake tangu asubuhi hadi jioni. Tena, karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Ikiwa moyo unahitaji matibabu, moyo utangulie. Upendo wenye akili hupanga zamu. Hausemi kila kitu leo, wala hausemi hakuna kitu milele.

Na lile neno la baba, "atafika wapi?" Tulijibu kwa mfano wa nyumbani. Babu akishindwa kuona, wajukuu huchanga wamnunulie miwani. Je, huwa tunauliza babu atafika wapi? Twaulizana ataajiriwa ofisi gani? Hapana! Twamnunulia ili amtambue anayemwamkia, aone jiwe njiani, ashone kifungo chake. Kuona si mshahara wa mtu mwenye faida. Ni sehemu ya kuishi kama mtu. Basi ikiwa hatumdai babu faida, kwa nini tunamdai mtoto wa miaka minne? Naye atafika, pengine si mbali kama tulivyoota, lakini mbali kuliko tulivyomwekea mpaka. Tuseme ukweli pia: miwani haiondoi sindromu ya Down. Humwondolea ukungu tu, ili hicho alicho nacho kipate kufanya kazi.

Mume na mke wafanye nini?

Kwanza, waseme waziwazi. Yule mama anayepanga kuuza mbuzi kwa siri ana nia njema, lakini siri ni mchwa. Mume akigundua, ugomvi hautakuwa tena juu ya miwani, utakuwa juu ya uaminifu. Aseme: "Baba watoto, nimekusikia kuhusu karo. Sasa unisikie kuhusu macho." Na mume asikilize mpaka mwisho, asijibu akiwa amesimama mlangoni.

Pili, waende wote wawili, angalau mara moja. Katika familia nyingi kliniki imekuwa kazi ya mama peke yake, na baba hupokea tu habari ya gharama. Baba akimpakata mtoto mwenyewe wakati wa kupimwa, akaona jinsi anavyogeuza uso kutafuta taa, hataihesabu tena kama "miwani ya kutupwa".

Tatu, waulize misaada bila kuona haya. Waanzie hospitali ya Kyuso au Mwingi, waombe kuelekezwa kwa wataalamu wa macho. Kuna hospitali zenye uzoefu mkubwa wa macho, kama kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu na Hospitali ya Lions SightFirst kule Loresho, Nairobi. Kuna vituo vya elimu maalum viitwavyo EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, ambavyo hupima watoto na kushauri juu ya shule. Kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako mtoto aweza kuandikishwa ili aombe msaada wa vifaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya hali yake. Jumuiya na vyama vya akina mama navyo vipo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, wamfundishe mtoto kuvaa kwa furaha, si kwa fimbo. Aanze kwa dakika chache, wakati wa kitu anachokipenda: kuwatazama vifaranga, kula, kucheza na baba. Akiivua, avishwe tena kwa upole baadaye. Kila siku aongezewe kidogo. Na kwa kuwa uso wake unakua, miwani ikaguliwe mara kwa mara na macho yapimwe tena kama daktari atakavyopanga.

Tano, ndugu wa pande zote mbili waambiwe neno moja, na walisikie kutoka kwa wote wawili. Bibi akisema "mnapoteza mali kwa huyu," asijibiwe na mke akilia, bali na mume kwa heshima: "Mama, huyu ni mtoto wetu kama wale wengine." Sentensi hiyo moja kutoka kinywani mwa mume hujenga ndoa kuliko zawadi nyingi.

Wapendwa, siku ya arusi mliahidiana kuwa pamoja katika raha na katika shida. Wakati ule mlidhani shida ni njaa au ugonjwa. Pengine imekuja kwa sura nyingine, ya mtoto anayetazama juu ya lenzi zilizoteleza. Ikiwa leo hamna fedha, semeni "hatuna" kwa moyo mweupe, kisha anzeni kutafuta pamoja. Lakini lile neno "haifai" liondoeni nyumbani kwenu. Mkitaka kulitumia, litumieni kwa fremu iliyotengenezwa vibaya, kamwe si kwa mtoto.